Kabla Chuma Hakijapandishwa Mizani

Jengo la zamani likibomolewa Ngamiani hapa Tanga, au banda la kiwanda cha mkonge likiangushwa Muheza, mtu wa kwanza kufika kwa kawaida si mhandisi. Ni mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kwake yeye boriti nzima ya mita sita, kenchi ya chuma, bomba la maji na nondo iliyojikunja ni kitu kimoja: kilo. Mwenye jengo naye anataka uwanja uwe mweupe haraka, basi mambo yanakwisha palepale. Boriti inakatwa vipande kwa gesi ili ienee kwenye gari, na kwa kazi hiyo ya dakika chache thamani yake kubwa imepotea. Boriti nzima yenye afya yake ingebeba sakafu nyingine kwa miaka mingi. Iliyokatwa haina kazi tena ila kuyeyushwa. Ni kumuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya nyama.

Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka hapo. Kilo iwe bei ya mwisho ya chuma, isiwe ya kwanza. Kabla ya mizani kuna maswali ya kuuliza, na kwetu huku Tanga, Pangani na Mkinga, ambako upepo una chumvi mwaka mzima, maswali hayo ni makali kuliko ya mtu wa Dodoma.

Sisemi kuyeyusha ni kubaya. Kwa hesabu za World Steel Association, kila tani ya chakavu inayoingia tanurini badala ya mawe ya chuma huokoa takriban tani 1.4 za mawe hayo, kilo 740 za makaa ya mawe na kilo 120 za mawe ya chokaa. Chuma kinachotoka kwenye mawe hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa kwa kila tani. Kinachotoka kwenye chakavu kwa tanuri la umeme hutoa chini ya tani 1. Nchi yetu ina sababu ya ziada ya kuheshimu chakavu: madini ya Liganga kule Ludewa yamezungumzwa kwa miongo mingi, na huku tukiyazungumza, nondo zetu zimekuwa zikitokana na chakavu tunachokusanya na chuma ghafi tunachoagiza nje. Tanga wenyewe tunakumbuka Steel Rolling Mills, kiwanda cha umma kilichokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Leo chakavu kingi cha mkoa huu hupanda lori kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 350, kisha nondo hurudi kwa barabara ileile. Boriti inayohamishwa kutoka Chumbageni kwenda Pongwe haihitaji mafuta ya lori hilo wala umeme wa tanuri. Inahitaji grenda, brashi ya waya na rangi.

Lakini si kila chuma kinastahili maisha ya pili, na hapa ndipo pwani inapotuonea.

Kutu huhitaji maji na hewa. Chumvi huiharakisha, kwa sababu huvuta unyevu hewani hata siku ambayo mvua haikunyesha, na huvunja ule utando mwembamba unaokilinda chuma ndani ya zege. Kaskazi ikivuma inatoka baharini. Kusi ikivuma inatoka baharini vilevile. Chuma cha Raskazone au Sahare hakina msimu wa kupumzika. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sehemu inayopigwa na mvua mara nyingi huwa na nafuu kuliko iliyojificha, kwa kuwa mvua husuuza chumvi. Kwa hiyo ukikagua paa la mabati au kenchi, usiishie kutazama juu. Panda ngazi uangalie chini ya upenu, ndani ya bomba la skwea lililoachwa wazi mwishoni, na pale vipande viwili vilipobanana. Huko ndiko chumvi hukaa bila kuoshwa, na huko ndiko chuma huliwa kimyakimya.

Zanzibar ilitupa somo la kusikitisha. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, lilisimama kwa nguzo na boriti za chuma pamoja na mawe ya matumbawe, chokaa na zege. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na watu walipoteza maisha. Sitaki kuibebesha kutu peke yake lawama ya jengo lililokuwa na maradhi mengi. Ninachosema ni kwamba boriti ya chuma iliyozikwa kwenye sakafu ya jengo la pwani haionekani inapoumwa. Kutu hushika nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hata mara kadhaa, kwa hiyo husukuma zege hadi lipasuke. Ufa ulionyooka kufuata mstari wa nondo au boriti ni barua kutoka ndani. Isomwe kabla ya kuamua kwamba chuma cha humo kitatumika tena.

Kukagua kwenyewe hakuhitaji maabara mwanzoni. Piga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu na kudondosha magamba. Sugua kwa brashi ya waya hadi uone ng'aro, kisha pima unene kwa kalipa mahali palipoliwa zaidi. Hapo usijidanganye kwa macho, maana hesabu ya kutu ni ya kikatili. Nondo ya milimita 12 iliyoliwa milimita 1 kila upande inabaki na kipenyo cha 10, na mtu husema, "Imepungua kidogo tu." Eneo lake la kubeba limeshuka kutoka milimita za mraba 113 hadi 79. Karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Ubapa wa boriti wenye unene wa milimita 10 ukiliwa milimita 1 juu na 1 chini umepoteza moja ya tano. Vishimo vidogo virefu ni vibaya zaidi kuliko kutu iliyoenea sawasawa, kwa sababu ufa huanzia hapo. Chuma kikipita mtihani huu, na kama kitabeba watu juu yake, mpe mhandisi aseme kitabeba nini. Asiposema, kipeleke kwenye kazi isiyobeba watu: uzio, banda la mbuzi, kingo za bustani, fremu za kuanikia mwani.

Kikishapita, kioshwe kwa maji baridi. Naona mafundi wengi wakiruka hatua hii. Wanapiga msasa, wanapaka redi oksaidi siku hiyohiyo na kukabidhi kazi. Chumvi iliyobaki kwenye vishimo hukaa chini ya rangi na kuendelea kula, na baada ya masika moja rangi inavimba malengelenge. Osha, kausha vizuri, paka rangi ya kwanza kabla ya unyevu wa jioni, kisha rangi mbili za juu. Kipande kinachoweza kupelekwa kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka kitadumu zaidi ya chochote kinachopakwa kwa brashi. Na usichimbie nguzo ya chuma moja kwa moja ardhini karibu na mikoko. Inyanyue juu ya kigingi cha zege, maji yateremke na kwenda zake.

Reli zinahitaji aya zake, maana mkoa huu umezaliwa nazo. Njia ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Mashamba ya mkonge yalitandaza vijireli vyao vyembamba vya kubebea majani, na hata msitu wa Amani ulikuwa na reli yake ndogo kati ya Tengeni na Sigi. Njia kuu iliporudishwa kazini kati ya 2019 na 2020, baada ya kulala kwa miaka mingi, kazi ilikuwa kukarabati tuta na njia iliyokuwapo. Hakuna aliyeanza upya porini. Huo ndio urejelezaji wa chuma ulio bora kuliko wote: kukiacha pale kilipo na kukipa kazi ileile.

Reli iliyoondolewa kihalali hufaa sana kwa ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke, nguzo za uzio, kingo za kulinda kona za maghala, au kutandazwa bega kwa bega chini ya zege la kalvati dogo la shamba. Mara nyingi jina la kiwanda na mwaka vimechongwa kwenye kiuno chake. Soma kabla ya kukata. Kinachoshindikana kwa reli ni kuchomelea kienyeji. Chuma chake kina kaboni nyingi ili gurudumu lisikisage upesi, na kaboni hiyohiyo huufanya mchomeleo uliopoa haraka uwe mkavu na wenye kuvunjika ghafla, bila onyo la kupinda kwanza. Mtu akikwambia atakuunganishia reli mbili kwa vijiti vya kawaida ziwe boriti ya ghorofa, mshukuru umwache aende. Reli ifungwe kwa bolti kupitia matundu iliyokuja nayo, au ichomelewe na fundi mwenye ujuzi huo hasa, anayeipasha moto kabla na kuipoza polepole.

Bolti. Ningeombwa neno moja tu la kuwaachia wahandisi wa halmashauri zetu ningesema hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la vita lenye paneli za chuma za urefu wa futi 10, kila moja ikibebwa na watu sita, zikiunganishwa kwa pini bila kuchomelewa. Vita viliisha, paneli hazikuisha. Hadi leo mvua zikichukua daraja katika nchi zetu, madaraja ya chuma ya jamii hiyo ndiyo huletwa kwenye malori, yakafungwa kwa siku chache, na daraja la kudumu likikamilika yakafunguliwa na kupelekwa mto mwingine. Tani ileile ya chuma imevusha watu kwenye mito kadhaa. Tazama sasa kivuko cha miguu kilichochomelewa mahali pake kwa engo na flati: siku barabara ikipanuliwa, hakitoki ila kwa kukatwa. Gharama ya bolti na nati wakati wa kujenga ni ndogo mbele ya hasara hiyo. Kenchi za madarasa, minara ya matangi ya maji, majukwaa ya masoko ya samaki, vyote vifungwe kwa bolti zenye zinki, na urefu wa boriti uwe wa kawaida sokoni, si mita tano nukta saba kwa sababu chumba kilichorwa hivyo.

Nondo za kubomolea nitazipitia kwa ukali. Zipo nyingi, kwa sababu kila nguzo inayovunjwa kwa nyundo huzitoa zikiwa zimejikunja, na vijana huzinyoosha kwa kuzigonga juu ya jiwe na kuziuza nusu bei. Nondo iliyokunjwa na kunyooshwa imechoka pale ilipokunjwa. Ikikunjwa tena kuwa ringi inaweza kupasuka. Kama ilitoka kwenye zege la mchanga wa bahari, inakuja na chumvi yake. Usiiweke kwenye nguzo, mkanda, slabu wala ngazi. Na tafadhali usiiweke kwenye mfuniko wa karo au choo. Watu huona mfuniko ni kitu kidogo cha kubania fedha, ilhali huko ndiko mtoto husimama peke yake juu ya shimo. Nondo hizi ndizo hasa za kwenda kwenye mizani bila majuto.

Ukinunua nondo mpya, ambayo huenda imetoka kwenye chakavu kilekile, usiidharau kwa asili yake. Madaraja makubwa duniani yana chuma cha chakavu ndani yake. Shida ni nyingine. Shaba ikiingia tanurini pamoja na chuma haitoki tena, na ikizidi hufanya chuma kipasuke kinapoviringishwa kikiwa moto. Matanuri ya induksheni yanayotumiwa na viwanda vingi vya ukanda wetu hayana uwezo mkubwa wa kusafisha uchafu, kwa hiyo usafi huanza kwenye yadi ya chakavu: mota itolewe waya zake za shaba, gari litolewe nyaya na betri, bati la zinki lisichanganywe na boriti. Mwenye yadi anayechambua anastahili bei nzuri zaidi, na aidai.

Dukani nenda na mizani yako. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, utapata kilo za kila mita. Nondo kamili ya mita 12 inapaswa kuwa karibu kilo 7.4 ikiwa ni ya milimita 10, kilo 10.7 ikiwa ya 12, na kilo 19 ikiwa ya 16. Pima na urefu pia, maana zipo zinazopunjwa sentimita. "Kumi na mbili" yenye mita 12 inayopima kilo 9 ni nondo ya milimita 11, na wewe umelipia 12. Tafuta alama ya kiwanda iliyochongwa mwilini na nembo ya Shirika la Viwango (TBS), na omba cheti cha mzigo. Kisha, mwambie fundi wako kwamba huku pwani zege linalofunika nondo liwe na unene wa kutosha, milimita 50 kwa sehemu zilizo wazi kwa upepo wa bahari, na mchanga uwe wa mtoni. Nondo bora iliyofunikwa kwa sentimita mbili za zege la mchanga wa ufukweni ni chakavu kinachosubiri siku yake.

Sasa karatasi. Chuma cha umma hakiuzwi kwa mdomo, hata kama mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wako. Shule ikibadilishiwa paa, kenchi na mabati ya zamani ni mali ya serikali, na kuyaondosha kuna utaratibu wake kupitia halmashauri. Kamati nyingi za shule zinazojenga kwa fosi akaunti huogopa utaratibu huo na kuyaacha mabati nyuma ya darasa hadi yaoze, jambo ambalo si uaminifu wala uhifadhi. Andikeni orodha, pigeni picha, ombeni kibali cha kuyatumia kwenye jiko au stoo ya shule hiyohiyo; ombi la namna hiyo halimtii mtu hofu. Kwa mnunuzi, mambo ni mafupi: reli, mataruma, engo za minara ya umeme, kingo za madaraja, alama za barabarani na mifuniko ya mashimo havina muuzaji wa mtaani aliye halali. Mwenye yadi awe na kibali cha baraza la mazingira (NEMC) na daftari la nani kaleta nini. Majirani zetu Kenya walifika mahali ambapo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa haki walikaa bila riziki hadi marufuku ilipoondolewa Mei. Wachache wakiiba daraja, wote hufunga duka.

Na kuna uhai wa vijana wanaokata na kuchomelea chuma hiki. Pipa la mafuta au tangi lililofungwa lisikatwe kwa gesi, hata kama limekaa tupu miaka. Mvuke uliobaki hulipuka. Rangi za zamani za madaraja na meli aghalabu zilikuwa na risasi, zisichomwe bila kukwanguliwa na bila barakoa ya kweli. Leso ya puani haizuii kitu. Anayechomelea chuma chenye zinki akae upande unakotoka upepo.

Nimalizie na miradi mikubwa, kwa sababu huko ndiko tani zilipo. Bandari ya Tanga imechimbwa kina cha mita 13 na kupata gati mpya zenye urefu wa mita 450. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Daraja la Pangani, lenye mita 525, limebuniwa ili watu wa Bweni wasitegemee pantoni. Kila kazi ya namna hii hutumia chuma kingi cha muda: kuta za kuzuia maji, madaraja ya kupitishia magari ya ujenzi, fomuweki, mabanda, vipande vya mabomba. Mkandarasi akimaliza, chuma hicho hubaki bila mwenyewe wa wazi, na kilo hushinda tena. Mabomba ya mafuta yana shida yake ya ziada: yamevikwa povu na plastiki ya kutunza joto, na kuyachoma ili kupata chuma tupu ni kuwavutisha watu sumu. Povu livuliwe kwa zana, si kwa moto.

Kwa hiyo madiwani na maofisa ugavi wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga wadai kifungu kimoja ndani ya mkataba kabla haujasainiwa, si baada ya mitambo kuondoka: orodha ya chuma cha muda chenye ukubwa na urefu wake, nani atakimiliki kazi ikiisha, na haki ya halmashauri kukinunua kikiwa kizima kwa bei iliyokubaliwa kabla hakijapelekwa kwenye chakavu. Jengo la kudumu nalo likabidhiwe na michoro inayoonyesha kila boriti ni ya daraja gani la nguvu, na alama ipigwe kwenye chuma chenyewe kwa nambari za kugonga, mahali ambapo rangi haitaifuta. Mhandisi atakayelifungua jengo hilo mwaka 2080 hatakuwa na wa kumuuliza. Asipojua ni chuma gani, ataogopa kukitumia, na ataita mizani.